Zumari la Akiba

Mimi kazi yangu ni udalali wa nyumba, na nitawaambia jambo ambalo madalali wenzangu hawalisemi mbele za watu: hapa kwetu Maryland hakuna anayenunua nyumba. Watu wananunua shule. Mwonyeshe mteja paa linalovuja, jiko lililozeeka kuliko yeye na chumba cha chini kinachonuka unyevu, halafu mwambie nyumba iko upande wa shule fulani, uone kama hatoi kalamu. Ndivyo nilivyomuuzia mdogo wangu Alton na mkewe Charlene ile nyumba ya matofali ya Barabara ya Wexley, mtoto wao mmoja, Odessa, akiwa bado anatambaa. Charlene hata bafuni hakuingia. Aliniuliza tu, "Wifi, sekondari ya hapa ni ileile inayosifiwa?" Nikamwambia ni ileile. Wakatia saini.

Na hiyo sekondari, jamani, Odessa hakuja kuikanyaga. Walipohamia ndipo wakagundua kwamba mtaa ule, mtoto wa kwenda shule ya mtaa ni yule aliyekosa kwingine. Wilaya yetu ina programu maalumu, zimewekwa ndani ya shule za kawaida za serikali, tena huko mbali upande wa pili wa wilaya. Hazilipiwi, lakini unaingia kwa mtihani, na waliochaguliwa wanazolewa na basi la manjano alfajiri, wamelala wamekaa. Mtoto wako akibaki shule ya mtaa, ileile uliyoinunulia nyumba, majirani wanakuuliza kwa upole kama nyumbani mambo ni shwari.

Programu zenyewe zilikuwa mbili. Fallbrook ilikuwa ya hesabu na sayansi, Dunmore ya muziki. Kusema kweli iliyomnyima Charlene usingizi ni Fallbrook peke yake. Dunmore ilikuja baadaye, kama gurudumu la akiba. Charlene ni mkaguzi wa hesabu serikalini, na haachi kitu kwa bahati. Alijua kila mtoto mwenye kichwa chepesi wilaya nzima ataomba Fallbrook, na wengi watarudishwa na machozi yao. Kwa hiyo Odessa alipotimiza miaka kumi na mmoja, mama yake akaanza kumtafutia mlango wa pili.

"Si umpe fidla," nikamwambia.

"Wifi, wewe nawe! Fidla? Mtaa huu hata mbwa wanapiga fidla."

Akapiga simu Dunmore, akauliza maswali ya kijanja, kama mtu anayeulizia tu. Akagundua kwamba katika orkestra yao, vijana wanaopiga basuni watamaliza shule mwaka uleule ambao Odessa angeingia, na nyuma yao hakuna mtu. Alirudi mezani uso unang'aa.

"Basuni ndiyo nini?" Alton akauliza.

"Sijui," Charlene akasema. "Lakini anaipiga."

Odessa alikuwa ameomba tarumbeta. Aliomba waziwazi, kwa adabu, akatoa na sababu. Akajibiwa kwamba wapiga tarumbeta wamejaa tele, na siku chache baadaye likaletwa sanduku jeusi limebeba hilo dude. Basuni, kwa asiyelijua, ni zumari kubwa la mbao. Ukilisimamisha linamfika mtoto wa umri ule kidevuni. Lina bomba jembamba la chuma lililopinda, na mwishoni mwa bomba unachomeka kimwanzi kidogo cha kupulizia, ambacho lazima kilowekwe kwanza kwenye maji. Odessa akakiloweka kwenye glasi pale jikoni. Alton akatoka kazini na kiu yake, akaigugumia glasi nzima, kimwanzi kikamkaa kooni, akatoa macho. Charlene hakuuliza kama mumewe ni mzima. Aliuliza kama kimwanzi hakijapasuka.

Na ile sauti ya mwaka wa kwanza! Ng'ombe aliyekwama kwenye tope angeona haya. Nilikuwa naenda kwao kila Jumapili baada ya kanisa, nakula kuku wangu na makaroni ya jibini, na mara tu Odessa akifungua lile sanduku nakumbuka kwamba nina mteja. Alton alinunua vitu vya kuziba masikio akasema ni vya kuvaa akikata nyasi. Jirani yao Meredith Kaplan, mama mwembamba mwenye tabasamu lisilozimika, alikuwa anakuja kwenye ua kusema, "Jinsi anavyojitahidi!" Mwanawe Ezra alikuwa anapiga fidla ile kubwa ya kusimama nayo, na hakuna aliyeniambia, lakini nilijua na yeye hakuiomba.

Halafu, katikati ya mwaka wa pili, nikajikuta sikumbuki mteja. Nilikuwa nimemaliza kula, nimekaa tu, nasikiliza.

Pasaka ile mwongoza kwaya wetu akamwomba Odessa apige sauti ya chini, kwaya iimbe juu yake. Mtoto akakaa pembeni ya kinanda na gauni lake la manjano, zumari limemlalia begani, akafumba macho. Sauti ikatoka chini kabisa, nene, tulivu, haina haraka na mtu. Nilihisi benchi linatikisika. Mimi si mtu wa kulia kanisani, hayo nawaachia wanaotaka kuonekana, lakini siku hiyo nililia mpaka rangi ya kope ikanishukia shavuni. Charlene akaniinamia akaninong'oneza, "Hii tutaiandika kwenye fomu."

Nilimrudisha Odessa kwa gari langu. Nikamuuliza, "Hivi hili dude unalipenda kweli, au unampenda mama yako?"

Alicheka. Halafu akafikiri, maana huyu mtoto hajibu ovyo. "Shangazi, hiki ndicho kitu changu peke yangu pale nyumbani. Nikifanya hesabu Mama anasimama nyuma yangu, anaona kosa kabla sijalifanya. Lakini noti Mama hazijui. Nikikosea najua mimi tu. Nikipatia, pia najua mimi tu."

"Na kanisa zima," nikamwambia.

"Na kanisa zima," akakubali.

Basi. Akafanya mtihani wa Fallbrook, akaenda kupiga zumari mbele ya walimu wa Dunmore, na mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata majibu yakaja siku moja kwenye kompyuta. Fallbrook: amepata. Dunmore: amepata. Charlene alinipigia ukelele kwenye simu nikadhani kuna msiba, nikapanda gari na kandambili. Nikamkuta amemkumbatia mwanawe, analia, anasema, "Fallbrook! Fallbrook!" Dunmore hakuitaja. Gurudumu la akiba halikuhitajika tena, na nani anaagana na gurudumu la akiba?

Sharti ni kwamba unachagua moja tu, mwisho Ijumaa, na ukishachagua ile nyingine imekwenda. Wiki hiyo mtaa mzima ulikuwa na adabu ya ajabu. Hakuna anayesema anachagua nini. Ukimuuliza mzazi yeyote anakujibu lilelile, kwa sauti ileile: "Sisi tunamwachia mtoto mwenyewe aamue." Meredith alilisema huku mkono mmoja ameuweka kifuani kwake na wa pili kifuani kwa Ezra. Alton alilisema. Charlene alilisema mara nyingi kuliko wote, mpaka nikaona Odessa ameanza kuliamini.

Jumapili tukakaa mezani. Kuku alikuwepo, makaroni yalikuwepo, na mboga, majani ya kola yaliyopikwa na bawa la bata mzinga, ambayo Charlene, nimpe haki yake, anayapika vizuri kuliko marehemu mama yetu. Alton akakohoa kidogo.

"Haya, mwanangu. Mimi na mama yako tumezungumza. Uamuzi ni wako. Hatutaki kukuingilia."

"Hata kidogo," Charlene akasema.

"Nachagua Dunmore," Odessa akasema.

Alton akatazama makaroni. Charlene akatabasamu, lile tabasamu la mkaguzi aliyeona tarakimu isiyokaa mahali pake.

"Umefikiria vizuri, mpenzi?"

"Nimefikiria, Mama."

"Sawa. Fikiria tena. Una mpaka Ijumaa."

"Nimeshaamua."

"Ndiyo, na tunaheshimu," Alton akasema. "Lakini uamuzi mzuri haufanywi tumbo likiwa tupu. Kula kwanza."

Akala. Alipomaliza mama yake akamuuliza, "Haya, sasa unaonaje?" Odessa akasema Dunmore. Charlene akasema hakuna haraka. Ikaletwa keki. Odessa akala keki, akaulizwa tena, akasema Dunmore, na safari hii sauti yake ilikuwa imepungua.

Mimi nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo. Nikaweka uma chini. "Hivi nyie mmemwachia aamue, au mmemwachia abahatishe jibu mnalolitaka?"

"Dada, usianze," Alton akasema.

"Sijaanza. Namalizia."

Charlene akanigeukia. "Wifi, kwa heshima zote. Wewe ndiye uliyetuuzia nyumba hii kwa sababu ya shule. Ulituambia shule ndiyo kila kitu. Leo mtoto amepata Fallbrook, programu ambayo watu wanaiombea kwa kufunga, unataka aiache akapulize bomba?"

"Bomba ulilileta wewe!"

"Nililileta ili aingie mahali! Si ili alipende!"

Alilisema hivyo hivyo, mbele ya mtoto. Nadhani na yeye alijisikia, maana aliinuka akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Odessa hakulia. Alikunja kitambaa chake cha mezani, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kabisa.

Alinisindikiza kwenye gari. Nilikuwa nimeshafungua mlango aliponishika mkono.

"Shangazi, Ijumaa watabonyeza Fallbrook. Watasema nimechagua mimi."

"Najua, mwanangu."

"Baba anasema wewe unaweza kuuza kitu chochote. Anasema uliwahi kumuuzia mtu nyumba yenye nyuki ukutani."

"Walikuwa nyuki wachache."

"Basi uza Dunmore," akasema. "Uwauzie Mama na Baba. Tafadhali, shangazi. Nikienda Fallbrook zumari litarudi kwenye sanduku, na mimi nitakuwa nafanya hesabu na mtu nyuma yangu mpaka nizeeke."

Sasa mniambie, mngefanya nini? Mimi nilifanya ninachokijua. Mnunuzi anayesitasita humsukumi kwa kuisifu nyumba. Ukiisifu anashtuka, anauliza kwa nini unaisifu. Unamwonyesha mnunuzi mwingine. Si lazima awepo. Inatosha gari la mtu lionekane limesimama nje.

Jumatatu asubuhi nikaenda kumtembelea Meredith, maana na yeye nyumba nilimuuzia mimi. Sikusema uongo, na hilo naomba lieleweke. Nilimuuliza tu hali ya mabomba, nikanywa kahawa yake isiyo na ladha, halafu nikasema, kama mtu anayewaza kwa sauti, "Ajabu mwaka huu watu wanavyoniulizia nyumba za upande wa Dunmore."

Kikombe chake kikasimama njiani. "Dunmore? Kwa nini Dunmore?"

"Mimi najua nini, Meredith, mimi dalali tu. Mmoja alisema eti vyuo vikuu vimechoka na watoto wa Fallbrook. Wote wamefanana. Na chuo hakichukui watoto lundo kutoka shule moja, si ndiyo? Kwa hiyo ukimpeleka wako huko, anashindana na wale wenzake waliokaa naye darasani. Lakini hayo ni maneno ya watu."

"Ni maneno ya watu," Meredith akasema, na tayari alikuwa anatafuta simu yake kwa macho.

Jumatano Charlene akaja kwangu, yeye ambaye huwa haji bila kupiga simu. Akafunga mlango, akakataa kukaa.

"Wifi, nitakuambia kitu, lakini kisitoke humu."

"Mdomo wangu umefungwa."

"Watu wanakimbilia Dunmore."

"Wee!"

"Haki ya Mungu. Nimesikia kwa Meredith, na Meredith kasikia kwa watu wanaojua. Vyuo vikubwa vimetuma ujumbe kimyakimya kwamba Fallbrook basi, imetosha. Wanataka watoto wa kipekee. Na nyumba za kule zinapanda bei, hujasikia? Wewe dalali gani?"

Nilikuwa nimesema watu wananiulizia. Ndani ya siku mbili ujumbe ulikuwa umetumwa kimyakimya na vyuo vikubwa. Nilijizuia kucheka mpaka mbavu zikauma.

"Sasa fikiria," Charlene akaendelea, anatembea kutoka dirishani mpaka kwenye friji na kurudi, "mtoto mweusi, msichana, anapiga basuni, na hesabu zake ni za Fallbrook ila ameikataa Fallbrook. Ameikataa! Kuna mwingine wa hivyo nchi hii? Niambie."

"Simjui."

"Hayupo!"

Ijumaa wakabonyeza Dunmore. Alton akapiga picha Odessa akiwa na kidole kwenye kompyuta, ili ionekane amebonyeza yeye, na Charlene akaisambaza kwa ukoo mzima na maneno, "Tulimwachia aamue, na ameusikiliza moyo wake." Odessa akaja mbio kwangu kwa miguu, akaniparamia mlangoni, akanikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Nilijisikia dalali kuliko madalali wote. Nilijimiminia glasi ya divai mchana mchana.

Mwezi wa nane, kabla shule hazijafunguliwa, Charlene akakutana na Meredith dukani penye madaftari. Ezra alikuwa amevaa fulana ya Fallbrook.

"Lakini ulisema…" Charlene akaanza.

"Tulimwachia mwenyewe aamue," Meredith akasema, na tabasamu lake.

Kumbe Meredith alisambaza yale maneno kwa bidii zote, kila mtu aliyemwambia akaiogopa Fallbrook kidogo, na yeye akampeleka mwanawe hukohuko. Kwa kweli nilimvulia kofia; yule mama angekuwa dalali angetutoa wote sokoni. Charlene alirudi nyumbani hakula. Alton alinipigia simu kwa sauti ya chini kwamba mkewe amekaa gizani na kompyuta. Nikamwambia atakaa atachoka, akishachoka atalala. Hapo nilikosea, maana Charlene ni mkaguzi, na akiona hasara haendi kulala, anatafuta jinsi ya kuifidia.

Kama ni Dunmore, basi Odessa lazima awe wa kwanza Dunmore. Na wilaya. Na jimbo. Akatafutiwa mwalimu anayepiga kwenye orkestra kubwa mjini Washington, mzee asiyecheka. Akaandikishwa mashindano ya watoto. Zumari la kukodi likarudishwa, likaja jipya, ambalo Alton anamalizia kulilipia kwa kuendelea na gari lake kuukuu mpaka lisambaratike. Na Charlene, jamani, Charlene akajifunza noti. Mwanamke wa umri wake, kazi inamsubiri, alikaa jioni zote zilizobaki za kiangazi na kompyuta na kinanda cha kuchezea, akajifunza mpaka akajua. Nilipokwenda Jumapili moja ya mwezi wa tisa nikamkuta amesimama nyuma ya kiti cha Odessa, mikono kifuani.

"Umeshuka hapo," akasema. "Panda kidogo. Tena."

Odessa akarudia.

"Bado umeshuka. Husikii? Tena."

"Amepatia," nikasema.

"Wifi, wewe husikii," Charlene akaniambia, wala si kwa ubaya. Alikuwa na furaha. Sijawahi kumwona na furaha vile, anamsaidia mwanawe katika kitu ambacho mwanawe anakipenda. Angenipa hata ushahidi: si mtoto mwenyewe alichagua? Odessa alipiga tena, macho wazi, anatazama ukuta.

Siku hizi Jumamosi anakuja kwangu. Mama yake anamruhusu kwa sababu nyumba yangu ni tulivu na atafanya mazoezi bila kusumbuliwa. Anakuja na zumari mgongoni, analiunganisha, anaweka kimwanzi kwenye glasi ya maji, anaegemeza zumari kwenye kisimamio chake karibu na dirisha. Halafu haligusi. Anakaa mezani jikoni kwangu, anavuta yale matangazo yangu ya nyumba ambayo upande mmoja yana picha yangu nacheka na upande wa pili ni meupe, anachukua penseli.

Mwanzoni nilidhani anachora. Jumamosi iliyopita nikapita nyuma yake na birika la chai, nikaona ni hesabu. Zimejaa ukurasa, mishale, mabano, herufi zinazobeba herufi nyingine mgongoni. Hakuna aliyempa. Shuleni kwake, alisema, hesabu wanafundishwa za kawaida tu, amezimaliza. Hizi amezitafuta mwenyewe. Alikuwa ameng'ata ncha ya ulimi, miguu inacheza chini ya meza, na uso wake ulikuwa uleule wa Pasaka.

Alipohisi niko pale akafunika karatasi kwa mikono yote miwili.

"Ni mimi," nikamwambia.

Akafunua. "Shangazi, usimwambie Mama."

"Nimwambie nini? Unafanya hesabu. Mama yako angefurahi mpaka aruke."

"Ndiyo," Odessa akasema. "Ndiyo maana usimwambie."

Nikaweka birika chini. Simu ikalia. Charlene.

"Wifi, hamjambo huko? Anapiga?"

Nikamtazama mtoto. "Anapiga."

"Mbona simsikii?"

"Amepumzika kidogo, anapangusa mdomo."

"Mwambie mashindano ni wiki ijayo. Hebu sogeza simu nimsikie."

Odessa alikuwa ameshasikia. Hakununa. Aliinuka, akatoa kimwanzi kwenye glasi, akakichomeka, akakaa na zumari kwenye kiti chake palepale mezani. Nikaishika simu karibu naye kwa mkono wangu mwenyewe. Akaanza, chini kabisa, taratibu, sauti ikajaa jikoni mpaka vijiko vikatetemeka kwenye droo.

"Umeshuka," simu ikasema. "Panda kidogo."

Akapanda. Alipiga vizuri, hakukosea hata mahali pamoja, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye ile hesabu.